Nyumba Inapanda Kilima

Kamba zilikaza, na nyumba ya mbao ya bibi yangu ikaanza kuteleza juu ya magogo.

Nilikuwa nimenunua kipande cha kilima kwa bei rahisi, kwa kuwa hakikuwa na barabara wala umeme. Mzee Eudoro, aliyeniuzia, alicheka mpaka akakohoa. "Binti, utalala na kondoo? Siku utakayonikaribisha ndani ya nyumba huko juu, navua buti na kukuoshea vyombo!"

Sasa kijiji chetu chote, hapa kisiwani Chiloé, kilikuwa kinaivuta nyumba kwenda huko juu pamoja na maksai. Kama kamba zingekatika, nyumba ingeporomoka bondeni, na hatukuwa na nyingine.

"Vuteni, wavivu nyie!" bibi alifoka dirishani. Alikuwa amekataa kushuka, na jiko lake lilikuwa linawaka. Nyumba ilipanda huku inafuka moshi.

Karibu na kilele, maksai wa mbele walipiga magoti kwenye matope. Nyumba ikarudi nyuma. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, maksai walikuwa wameinuka na kumaliza kuvuta, na nyumba imetulia kando ya viazi nilivyopanda kileleni.

Watu wote wakamgeukia mzee Eudoro.

Bibi akafungua mlango. "Karibu, Eudoro. Masufuria hayo hapo."

Mzee akainama, akashika buti.