Kadi za Kumpelekea Mkwe

Filbert alishinda tena, akazisukuma kadi pembeni kwa hasira.

"Hii seti haifai kabisa," alisema. "Nimejitahidi weee, na bado nimekupiga."

Rahma alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa fundi cherehani, jirani yake Filbert pale Njoro, Moshi mjini, na kwenye mchezo wa kadi za Himaya hakuna aliyejua kupanga seti kama yeye. Vijana wote walimfuata awatengenezee seti ya kushinda. Filbert alikuwa wa kwanza kumwomba ya kushindwa.

Sababu alikuwa nayo. Jumapili Filbert angepanda Old Moshi kujitambulisha kwa Mzee Sylvanus, baba yake Evelyn. Mzee alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na tangu wajukuu wamfundishe Himaya, hakuna mchumba aliyesikilizwa pale nyumbani kabla ya kucheza naye. Mathew alishakwenda, yule yule Mathew aliyekuwa akitamba kwa kadi Njoro nzima. Alirudi mjini kabla hata ndizi hazijaiva jikoni, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Evelyn. Evelyn mwenyewe siku hiyo alikuwa kazini Arusha. Alichojua ni kwamba baba yake hakutaka kulizungumzia.

Filbert hakuhitaji kufafanuliwa. Mzee kapigwa na kijana, kwake, mbele ya mkewe. Nani angempa binti?

"Si ucheze vibaya tu?" Rahma aliuliza.

"Mbele ya mwalimu wa hesabu? Atanishtukia kadi ya pili tu. Mimi nitacheza kwa nguvu zangu zote. Seti ndiyo ishindwe."

Katika Himaya kila mtu hujichagulia kadi zake arobaini: wanyama wa kushambulia, ngome za kujikinga, na mvua za kuwalisha wanyama. Anayemmaliza mwenzake uhai ndiye mshindi. Filbert akaanza kwa kuitoa Radi, kadi yake kali kuliko zote, aliyoipata kwa dereva wa lori kule Holili baada ya kumwachia nusu ya kadi zake. Ilimuuma. Akaongeza tembo, maana tembo hutisha, kisha akapunguza mvua ili wachelewe kuingia vitani. Akapigwa hata jasho halijamtoka.

"Hapo atajua," Rahma alisema.

Akarudisha mvua moja, akashinda. Akatoa nyati mmoja, akaweka ngome, akashinda tena, akamlaani mtu aliyebuni mchezo wenyewe. Wiki nzima ilikwenda hivyo, Rahma akishona kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine. Filbert alikuwa anampenda Evelyn, na kwa kweli aliogopa.

Jumamosi mchana, hatimaye, alipigana kiume, akakaribia kabisa kushinda, halafu akaanguka kwa pointi moja. Wakarudia. Akaanguka vile vile.

"Imekaa," Rahma alisema. "Sijawahi kuona seti inayoshindwa kwa heshima hivi."

Baada ya misa ya Jumapili, Filbert alimkuta Mzee Sylvanus barazani, anatazama mibuni ya kihamba, shamba lake la nyumbani, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Kadi umekuja nazo?"

"Ninazo, mzee."

"Na mimi seti yangu nimeibadilisha badilisha wiki hii," alisema Mzee, bila furaha.

Ameinoa, Filbert aliwaza, na roho ikatulia. Mama Mektrida, mkewe Mzee, alimkaribisha kwa mikono miwili, akamkazia mumewe macho, kisha akaingia jikoni kwenye sufuria lake la machalari, ndizi za nyama.

Mzee alicheza polepole. Alishika kadi, akairudisha, akaweka nyingine hafifu kuliko ile. Filbert aliona ni ujanja wa mtu mzima, anaficha makucha. Yeye hakuficha chochote. Alishambulia kwa kila alichokuwa nacho, hata akamwacha nyati wake bila kinga.

"Una hakika hapo?" Mzee aliuliza.

"Nina hakika, mzee."

"Fikiria tena, mwanangu. Hatuna haraka."

Jasho lilimtiririka Filbert mgongoni. Amenishtukia, aliwaza, na akazidi kukaza. Ikafika mahali kila mmoja amebakiwa na pointi moja ya uhai. Filbert alikuwa na tembo mkononi, anangoja mvua tu. Akavuta kadi. Ngome.

Mzee alizitazama kadi zake kwa muda mrefu, akazigeuza, akazitazama tena. Mwisho, kwa kuwa zamu hairukwi, aliweka mbweha, kamnyama ka mwisho kabisa kwa nguvu katika Himaya nzima. Mbweha akammaliza Filbert.

"Nimeshindwa, mzee," Filbert alisema, akijizuia asitabasamu. "Umenipiga kihalali kabisa."

Mzee hakutabasamu pia. Alimtazama mbweha, akautazama mlango wa jikoni, akatoa leso na kujifuta upara.

Kule ndani mwiko ulitulia kwenye sufuria.

"Baba Evelyn," Mama Mektrida aliita, "umemwacha kijana ashinde kama tulivyokubaliana, au na huyu anarudi kwao na machozi kama Mathew?"

Mzee Sylvanus alizikumba kadi zote zilizokuwa mezani.

"Changa upesi," alimnong'oneza Filbert. "Hatujaanza."