Nyota Inayoachia

Makrudi, vile vitamu vya ngano na tende, zilifika zimekatwa katikati, zote, tende zikichungulia nje. Mama yake Wasila aliweka sinia mezani kwa aibu. Tangu lini halua ya kutetea tasnifu ikaletwa vipande vipande mbele ya maprofesa?

"Mama, si zitatafunwa tu?" Wasila alimnong'oneza, kisha akageukia ubao.

Alikuwa na chaki tu. Jopo lilimpa saa moja, na mwenyekiti alishasema wazi: udaktari ni leo au basi.

Profesa Laribi alifunua tasnifu iliyoandikwa kwa mkono, akaguna. "Miaka sita unakokotoa nyota isiyo na moto, isiyo na uso, iliyofumwa kwa uga wa nguvu mtupu. Nani ameiona?"

"Bado hakuna."

"Basi haipo!"

"Haijaonekana, Profesa. Hata mimi miaka sita hamkuniona, na nipo."

Wanawake waliojaa viti vya nyuma wakaangua kicheko. Bi Zohra, aliyekaa mlangoni na funguo zake, akakohoa, wakanyamaza.

Laribi akavimba. "Kwa mbali hili ni shimo jeusi tu, binti. Unatuchosha na jina jipya."

Hasira zikampanda Wasila mpaka chaki ikakatika. Sauti hakushusha ng'o.

"Kwa mbali, ndiyo, mtu ataapa ni shimo jeusi. Lakini shimo jeusi likimeza halitapiki. Hii haina mpaka wa kusema ukivuka umekwisha. Mwanga unaingia, unapita katikati, unatoka upande wa pili. Hesabu hiyo hapo. Nionyesheni kosa, au nipeni haki yangu!"

Laribi akaufuata ubao kwa kidole, mstari kwa mstari. Akarudi mwanzo. Mwishowe akavua miwani.

"Kosa sijaliona," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mwenyekiti hakutoka hata nje kushauriana. Aliwatazama wenzake, wakaitikia kwa kichwa, akasimama. "Jopo linamtunuku Wasila Bensaci shahada ya udaktari."

Mama akapiga kigelegele cha kwanza, viti vya nyuma vikampokea, vioo vikatetemeka. Bi Zohra akala nusu ya makrudi aliyoikata mwenyewe getini, akafuta vidole, akangoja kelele zitulie. Kisha akachomoa pingu kiunoni.

"Haya, Daktari," alisema, kwa heshima ambayo asubuhi hakuwa nayo, "lete mikono, turudi selo."