Ufa wa Ukumbini

Mwalimu mkuu alipokuwa akimmiminia sifa, Mhandisi Tunu hakutulia kitini. Macho yake yalikuwa kwenye ufa uliopanda ukutani, juu ya vichwa vya wasichana waliokuja kumsikiliza. Aliposoma hapa, aliwahi kuukwaruza ukuta kwa bikari pale ufa ulipokomea, ajue kama unakua. Akachapwa kwa kuharibu ukuta.

Akateremka jukwaani, shada la maua shingoni. Mkwaruzo wake ungalipo. Juu yake palikuwa na mingine, mipya, kila mmoja ukiupita mwenziwe.

"Nani kaweka alama hizi?"

Msichana mmoja akasimama nyuma.

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

"Ya mwisho umeiweka lini?"

"Jana jioni."

Tunu akapanda juu ya benchi. Ufa ulikuwa umeshaipita alama ya jana kwa upana wa kidole.

"Mwalimu, hotuba baadaye. Watoe watoto nje, sasa hivi!"

Wasichana wakamiminika mlangoni. Tunu alibaki amebandika kiganja ukutani, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Pembeni ya kiganja chake, kingine kidogo kikajibandika.