Swali Fupi la Mama Mkwe

Siku hizi kitafutio cha nyumbani, kile kifaa kinachojibu maswali kwa sauti, hakipokei swali la neno moja. Ukikiuliza kwa mkato, kinakujazia kwa maswali yaliyowahi kuulizwa na watu wa nyumba hiyo, kisha husoma kwa sauti, nyumba nzima isikie.

Bi Mgeni hakulijua hilo. Alikuwa amehamia majuzi kwa mwanawe, miguu imemvimba, na si mtu wa maneno mengi.

"Miguu," alikiambia.

"Swali ni fupi, nimelijazia," kikajibu. "Miguu ya mama mkwe inanuka. Nimwambieje asikae sebuleni wageni wakija?"

Subira, mke wa mwanawe, alikuwa akipepeta mchele palepale. Ungo ukamponyoka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, si mimi, ni..."

Bi Mgeni aliishusha khanga yake taratibu mpaka ikafunika vidole vya miguu.

"Hilo ndilo ulilotaka kujua?" kitafutio kikauliza.

"Ndilo," akasema Bi Mgeni.

"Jibu lako ni fupi mno. Tafadhali eleza zaidi."

Subira akainama kuokota mchele, akimwomba Mungu mama asieleze.