Nyenje wa Ua wa Kayaba

Nyenje hawakulia mwaka huo, na Gikonyo hakupanda.

Walikuwa nyenje wa kichakani, wale wa kijani wenye masharubu marefu, wanaokaa kwenye ua wa kayaba, ile miti ya miiba, chini ya shamba lake, nje kidogo ya Kutus. Marehemu baba yake alimwachia ekari mbili na siri moja. Wakilia jioni tatu mfululizo, panda. Wakinyamaza, mvua ni ya kudanganya. Acha mbegu ghalani. Siri hiyo haiambiwi mtu, hata mke.

Miaka sita nyuma ilimwokoa. Majirani walipanda mapema, jua likachoma kila kitu. Yeye alingoja, akavuna.

Kwa hivyo Machi ilipofika, Gikonyo, aliyekuwa ameacha kazi ya mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi kwa ngurumo, baada ya miaka ishirini na tisa, alibeba kigoda kila jioni akakaa kando ya ua. Kimya. Mvua ikanyesha. Kimya.

“Baba Watiri, watu wote wamepanda,” mkewe Wacera alisema. “Sisi tunangoja nini?”

“Tunangoja.”

“Na Watiri amekupigia mara tatu.”

“Simu imeharibika. Hailii.”

Siku hizo Wacera alikuwa ameanza kulala na pamba masikioni.

“Kwani nakoroma namna hiyo?” Gikonyo alimuuliza.

Wacera alijibu kitu akiwa ameshageukia ukuta.

Wiki ya tatu Gikonyo akaona amejua sababu. Jirani yake Kihara alikuwa amepulizia nyanya dawa, tena siku ya upepo. Akamfuata hadi langoni.

“Umeua wadudu wangu.”

“Punguza sauti, mzee, niko hapa tu. Wadudu gani?”

“Unawajua.”

“Ati wadudu wako? Uliwanunua soko la Kagio?”

Wanawake waliokuja kununua nyanya wakacheka. Kesho yake Gikonyo alipigilia mbao kwenye pengo la ua ambalo yeye na Kihara walikuwa wamepitia tangu ujana, kuazimana majembe na kupelekeana chai. Hawakusalimiana tena.

Mei mahindi ya Kihara yalimfika kiunoni. Gikonyo alisema jua linakuja. Halikuja.

Juni baridi ilishuka kutoka mlimani. Jioni moja Wacera alisimama jikoni, akatoa ile pamba mfukoni, akaitupa motoni. Akamsogelea mumewe, akasema kwa nguvu, kama alivyozoea kusema naye:

“Leo angalau nitalala. Baridi imewanyamazisha hao nyenje wa ua wako, wamenipigia kelele tangu Machi.”

Gikonyo akahesabu hasara. Magunia kumi na sita ya mahindi. Manne ya maharagwe. Jirani mmoja.