Asubuhi Isiyo na Salamu

Ingénieur Hippolyte alikuwa amekwisha kupanda pikipiki, begi limefungwa nyuma kwa mpira, lakini Kadogo, dereva wake, hakuwasha moto. Alishika usukani akaanza kuisukuma kwa miguu, abiria yuko juu kama gunia la mihogo.

"Iko na panne, imeharibika?" Hippolyte akauliza.

Kadogo akatikisa kichwa. Jana jamaa huyu hakufunga mdomo, akimtania kwamba tumbo lake litavunja ressort za pikipiki.

Basi na huyu pia kaninunia, Hippolyte akawaza.

Sababu aliijua. Shimo la dhahabu nyuma ya soko la Salamabila lilipobomoka na kufunika wachimbaji, alitumwa yeye, mtu wa diplome, aseme neno la mwisho. Akapima udongo, akapiga hesabu ya hewa, na jana akalisema mbele ya watu: humo hamna mzima, mkichimba ovyo, mlima utawameza na ninyi. Acheni. Kaeni matanga.

Mamy, mke wa mmoja wa waliofunikwa, alimfuata hadi mlangoni.

"Papa Ingénieur, wewe unajua majiwe. Aganze bwana yangu, unamujua?"

"Mama, hewa haiulizake mutu jina."

Jibu lile lilimnyima usingizi. Sasa alitaka kitu kimoja tu kabla ya kwenda zake: Mamy amsamehe. Hata amtukane, ingetosha.

Wakaingia sokoni. Wamama walikaa nyuma ya mafungu ya dagaa, hakuna aliyeita mteja. Michi ililazwa chini. Redio ya kinyozi ilizimwa. Mtoto alipotaka kulia, mama yake akamziba kwa titi. Watu wote wale, na hakuna jicho lililomtazama.

"Jambo, wamama!" akasema kwa nguvu.

Muuza maandazi akamkazia macho, akaweka kidole mdomoni.

Mbele, karibu na kifusi, akamwona Mamy. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye udongo, mikono wazi. Hippolyte akaruka chini.

"Mama Mamy! Unisamehe!"

Wanaume wakageuka wote kwa pamoja. Mzee Muzaliwa, mwenye shimo, akamjia kwa ncha za vidole, machozi yamejaa ndevuni.

"Ufunge kinywa, Ingénieur," akanong'ona. "Tunakuomba. Wende."

Hippolyte akapanda tena. Kadogo aliisukuma pikipiki mpaka ng'ambo ya kilima, ndipo akaiwasha, na hapo akaiendesha kama mwizi.

Njiani, penye tope, akageuza shingo. "Ingénieur, leo asubuhi, Mamy—"

"Wacha. Najua."

"Haujui. Mamy ali—"

"Nimesema najua! Mimi ndiye niliyesema wamekufa, si wewe. Angalia barabara."

Kadogo akaongeza moto. Alimshusha Kabambare bila kunywa hata maji, akageuza mbio. Hippolyte akatafuta pikipiki nyingine ya kumfikisha Kasongo, na njia nzima hakusema na mtu.

Siku hizi Hippolyte yuko Kindu. Mashimo aliyaacha, anauza saruji, na mtu akitaja Salamabila yeye hutoka nje. Mzee Muzaliwa alikufa, presha. Kadogo ana pikipiki ya pili. Mamy anapika ugali wa wasafiri pale Lusangi, na anayempasulia kuni, mguu mmoja mfupi, ni Aganze, aliyekuwa akigonga jiwe chini ya ardhi asubuhi ile, soko zima likimsikiliza.