Mstari Chini ya Sikio

Siku tatu zilipita na Tokuzo hajamaliza uso mmoja. Farasi alikwisha kuwachonga kwenye ubao wa kupigia picha, na mikuki, na bendera, na moshi wote wa kilima cha Ueno. Uso tu ndio uliomshinda, yeye aliyesifika kwa nyuso za masamurai Edo nzima, mji ambao siku hizi tunaamriwa kuuita Tokyo.

"Fundi, huyo kijana anakutisha nini?" alimtania Kamekichi, mpiga chapa, huku akikoroga wino. "Maiti haumi, bwana!"

"Koroga wino wako, we!"

Lakini kweli aliogopa. Tangu vita vya Ueno, masamurai walipokimbizwa kilimani na jeshi la serikali mpya, miaka miwili sasa, mtu akibisha hodi tu Tokuzo hushtuka hadi kisu kumponyoka. Na uso huu, kila akiuinamia, ulimtazama kana kwamba unamwomba afungue mlango.

Mwenye kuagiza picha alikuwa Bi Orie, mjane wa samurai, ambaye mwanawe Seijuro alifia Ueno. Maskini mama! Alitaka jambo moja tu: mwanawe aonekane kama alivyotoka nyumbani asubuhi ile, bila hata mkwaruzo. Alikaa bega kwa bega na mchoraji mpaka uso ukatokea sawasawa. Kisha karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao, kama ilivyo desturi, na Tokuzo akaanza kuchonga. Mchoro wa namna hiyo haubaki. Kisu huula wote pamoja na ubao, na mistari ya picha ni ile tu ambayo kisu kimeiacha imesimama.

Siku ya nne akamaliza, jasho likimtoka. Bi Orie akaja, akapiga magoti mkekani, chai asiiguse.

"Kisu hicho unakishika kama cha kuazima, fundi."

"Mpini huu, mama. Kisu changu cha ujanani kilipotea mwaka ule wa vita. Hiki mpaka leo hatujazoeana."

Kamekichi alipaka wino, akalaza karatasi, akasugua, akaibandua taratibu. Seijuro akawatazama. Alikuwa yeye hasa, kana kwamba ameitwa akaitika. Bi Orie alishika kifua.

Kamekichi akakuna kichwa. "Fundi, na huu mstari?"

Chini ya sikio palikuwa na mstari mfupi, mwembamba, ulioinama. Tokuzo akausogelea. Hakukumbuka kuuacha.

"Wa mchoraji huo," alisema upesi. "Mimi nafuata nilichopewa."

"Hakuuchora," alisema Bi Orie. "Nilikuwa naye tangu wino wa kwanza."

"Basi kisu kimeteleza. Nitaukwangua sasa hivi, mama, usijali."

"Hee, fundi!" Kamekichi alicheka. "Kisu kikiteleza si mstari hukatika? Tangu lini ukaongezeka?"

Hakuna aliyecheka naye. Bi Orie aliinua karatasi, akaipuliza wino ukauke.

"Uache," alisema. "Ndipo hasa ulipokuwa. Mimi ndiye niliyemwosha. Watu wanasema risasi, lakini risasi haikumgusa mwanangu. Tulimkuta kwenye kichochoro, chini kabisa ya kilima, mlangoni pa watu."

Tokuzo alikuwa akitazama mikono yake.

"Pole sana, mama," alisema Kamekichi. "Angalau sasa picha umeipata."

"Picha ninazo nyingi. Karakana nne zimenichongea hiihii, kwa mchoraji yuleyule. Zote zilimtoa bila mkwaruzo."

Akaingiza mkono kwenye mkanda wa kimono, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya ubao. Ndani yake mlikuwa na kisu kidogo cha kuchongea, mpini umelika pale kidole gumba kinapokaa.

"Kilikuwa bado shingoni mwake," alisema. "Shika, fundi. Tuone kama bado mmezoeana."